Gurudumu la Kwanza

Kabla hapajawa na yadi ya magari, kabla ya ule ukuta wenye vipande vya chupa juu yake, pale chini ya Daraja Mbili palikuwa na Bakuli. Usiulize bakuli gani. Mtu wa Arusha mwenye umri wake akisikia jina hilo macho yanamlegea, anaangalia pembeni, halafu anaanza kukusimulia mambo ambayo nusu yake hakuyaona. Ulikuwa uwanja wa mbio za baiskeli wa Klabu ya Themi, na uliitwa Bakuli kwa sababu kona zake mbili ziliinuka kama ukingo wa bakuli la uji. Ukiingia konani kwa woga unateleza mpaka chini. Ukiingia kwa kasi, kona yenyewe inakushika.

Aliyeujenga alikuwa mkandarasi wa barabara, mzee mmoja Kalasinga, mwenye mabinti wengi na mwana wa kiume mmoja tu, Harbans, ambaye hakutaka shule wala ofisi ya baba yake, alitaka baiskeli. Mzee akaona isiwe taabu. Akachukua magari yake ya kazi, akachota udongo mwekundu palepale, akaleta mchanga mweusi kutoka mlimani, akachanganya, na juu yake akamwaga molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Watu wakashika viuno. Ardhi inapikwa! Na inzi wa mwaka ule, jamani, walikuja inzi wa wilaya nzima, hata kanisani ilibidi mchungaji ahubiri huku anapunga mkono. Lakini ulipopitishwa rola la chuma ukashindiliwa, ule uso ukakauka, ukawa mgumu na laini, mvua inapita juu yake inaondoka.

Klabu nayo ilikuwa na miiko yake. Hakuna kukanyaga uwanja na viatu. Wakati wa masika hakuna kupanda baiskeli pale, udongo unapumzika. Na jioni baada ya mbio, anayevuta rola ni mshindi, siyo aliyeshindwa, ili mtu asije akavimba kichwa. Bingwa wa Arusha ulimjua kwa mabega, makombe yalikuwa ya kuweka kabatini tu.

Fanuel alikuwa na mabega. Alikuwa Mmeru wa Akeri, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno. Wiki nzima alikaa na makaratasi ya wakulima, Jumapili akitoka kanisani alikwenda kupambana na Harbans. Watu walilipa kiingilio kuwaona hao wawili tu. Huyu akishinda leo, yule anashinda wiki ijayo, na jioni aliyeshinda anavuta rola na mwenzake anatembea pembeni anamcheka. Urafiki wao ulikulia hapo, kwenye kuchekana. Harbans alikuwa akila kwa akina Fanuel ndizi nyama mpaka anafungua mkanda, na Fanuel alijua majina ya shangazi wote wa Harbans na nani hasemi na nani.

Mbio zao za mwisho hazikuwa na mshindi. Walifika mstarini pamoja, tairi kwa tairi, waamuzi wakabishana mpaka wakataka kupigana, mwishowe ikaamuliwa wote wawili wavute rola. Basi wakavuta, kila mmoja bega lake kwenye mti wa kuvutia, jasho linawatoka. Hiyo ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, nyumba za mzee wa Harbans zilikuwa zimeshataifishwa, na tiketi za familia kwenda Uingereza zilikuwa zimeshakatwa. Harbans akasema, "Nikirudi tutamaliza hii. Gurudumu la kwanza litakuwa langu, usimpe mtu." Fanuel akajibu, "Nani nimpe? Uwanja ni wako." Basi. Wiki hiyohiyo Harbans akaondoka, na Fanuel akabaki na lile neno, akaliweka moyoni kama watu wanavyoweka kiapo.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu, hilo halihitaji kusimuliwa. Mpira wa tairi ulikuwa haupatikani hata ukiwa na mjomba serikalini. Watu waliziba baiskeli zao kwa kamba za katani, wakatembea zikigonga kama mikokoteni. Wanachama wakapungua, huyu kahama, huyu kafa, huyu kaokoka na kuona mbio za Jumapili ni dhambi. Katikati ya Bakuli watu wakalima mahindi, na Fanuel hakuwakataza, njaa haina mwenyewe. Lakini jembe likisogelea uwanja wenyewe, ole wako! Alikuwa mkali kama pilipili. Akaitwa kichaa wa Bakuli, naye akakubali jina.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikaachia biashara. Kufikia mwaka wa tisini na moja mambo yalikuwa yamefunguka. Ukienda Kwa Mrombo siku ya soko unakuta mitumba imemwagwa chini, sabuni za harufu, redio, na baiskeli mpya za Kichina zimevishwa karatasi mpaka kwenye pedali. Vijana wakaanza kushindana barabarani, wakishuka kutoka Olmotonyi bila kugusa breki, mama zao wanapiga mayowe kwenye migomba. Fanuel wakati huo alikuwa amepunguzwa kazi, maana ushirika nao ulikuwa umefunguka, ila umefunguka kama mfuko uliotoboka. Alikuwa nyumbani na mkewe Ndeshi, na binti yao wa mwisho, Nice, wa kidato cha tatu, ambaye kati ya wale wateremkaji wa Olmotonyi yeye ndiye aliyetangulia.

Siku moja baada ya Pasaka, Sarla akamwita. Sarla alikuwa mjane wa Kihindu mwenye duka la vitambaa karibu na soko kuu, na alikuwa na simu isiyokufa, ndiyo maana habari za wote waliohama zilipitia kwake kwanza.

"Harbans amepiga," akasema kabla Fanuel hajaketi. "Anakuja mwezi wa nane."

"Anakuja wapi?"

"Anakuja hapa, atakwenda wapi tena? Ameuliza kama bado una meno."

Fanuel alitoka, akasimama barazani kwa Sarla, akageukia ukutani, akalia. Mtu mzima na koti lake. Alikuwa amemkosa rafiki yake kwa muda mrefu kiasi kwamba alishazoea, kama mtu anavyozoea kuchechemea. Sasa aliposikia anakuja, ndipo mguu ukaanza kumuuma upya.

Masika ya mwaka ule hayakumweka ndani. Mvua ikikata kidogo yuko Bakuli. Aliwaomba wenye mahindi, na waliompenda wakang'oa, na wasiompenda wakamtukana kwanza ndipo wakang'oa. Azim, mwanachama mwenzake wa zamani, wa kushika daftari na siyo baiskeli, Mwismaili mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitoa molasi mapipa kadhaa na gari la kuyaleta. Mabega ya Fanuel hayakuwa yale ya zamani, ilibidi rola livutwe na wanne. Lakini kazi ya mwisho hakumwachia mtu. Aliloweka gunia, akalifunga kamba, akalivuta juu ya uwanja mzima taratibu, akirudi kinyumenyume, akifuta hata nyayo zake mwenyewe. Mwezi wa sita ulipoanza, Bakuli lilikuwa linang'aa kiasi cha kutaka kuliramba.

Nice alimfuata palepale, baiskeli mkononi, viatu ameshavua.

"Baba, mzunguko mmoja tu."

"Subiri mgeni aje."

"Mgeni anakuja mwezi wa nane!"

"Na wewe utakuwepo mwezi wa nane, unakwenda wapi? Harbans akishapita, utapanda mpaka uchoke. Gurudumu la kwanza ni lake."

"Nitapita pembeni, sitagusa katikati."

"Nice. Nimesema."

Mtoto akageuza baiskeli. Siku mbili hakumsemesha baba yake zaidi ya shikamoo.

Ndeshi naye hakunyamaza, Ndeshi hakuumbwa kunyamaza. "Huyo Harbans ndiye Bwana Yesu, anatandikiwa njia?" akauliza huku anapepeta maharage. "Mtoto wako yupo hapa ana miguu, unamtunzia mtu mwenye kitambi aliyeko Ulaya."

"Nani kakwambia ana kitambi?"

"Mtu anayekula nyama kila siku na hana shamba la kulima, atakosaje kitambi? Fanuel, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Yangu hayajauma," Fanuel akasema.

Hapo ndipo Azim alipoleta habari mbaya. Mji ulikuwa na njaa ya viwanja. Kila mwenye vijisenti alitaka pa kujenga ghala, gereji, gesti, na manispaa ilikuwa imeamua kwamba viwanja vinavyokaa bure vikaguliwe, na ambavyo havitumiki vipewe watu wa kuviendeleza. Bakuli lilikuwa kwenye orodha. Wakaguzi watakuja Alhamisi kuangalia.

"Waje," akasema Fanuel. "Wataona wenyewe."

"Fanuel, nisikilize. Siku hiyo tuite vijana. Wale wa Olmotonyi, binti yako, wote. Wazunguke, wapige kelele, wachafue. Watu wakikuta vumbi na watoto watajua pana kazi."

"Wachafue? Azim, una akili timamu? Nimefuta uwanja ule kwa magoti. Wakiona ulivyotunzwa watajua pana wenyewe. Kizuri chajiuza, bwana."

"Kizuri chajiuza dukani kwangu," Azim akasema. "Kwa hawa sijui."

Lakini Fanuel alikuwa amekwisha kuamua. Na ukitaka kujua ukweli, hakuwa anawafikiria wakaguzi hata kidogo. Alikuwa anamwona Harbans akishuka kwenye gari, akiona uwanja kama alivyouacha, hauna hata mstari mmoja wa mtu mwingine. Alikuwa ameiona picha hiyo mara nyingi mno, na hakuna aliyeweza kumtoa humo.

Alhamisi wakaja. Bwana mmoja kijana, mpole, mwenye tai na viatu vya kung'aa, pamoja na msaidizi wake. Fanuel akavaa suti ya kanisani, Azim akasimama pembeni yake. Akawaomba wavue viatu, na yule kijana akacheka, akavua, akatembea na soksi zake kwenye kona ya Bakuli, akaushika udongo kwa mkono.

"Mzee, hapa pametunzwa kweli," akasema. "Nani wanafanyia mazoezi hapa?"

Azim akafungua mdomo. Fanuel akamtangulia.

"Mazoezi? Kijana wangu, hapa tangu masika hajapita mtu. Hata kuku! Piga magoti uangalie. Ukiona alama ya tairi nikate sikio."

Yule kijana, kwa adabu tu, akapiga magoti akaangalia. Akainama, akafuata uso wa uwanja kwa macho mpaka mbali. Akainuka, akapangusa suruali.

"Ni kweli, mzee. Hakuna."

"Si nilikwambia?"

"Na kabla ya masika?"

"Kabla ya masika palikuwa na mahindi tu," akasema Fanuel, bado anatabasamu, akisubiri kusifiwa. Azim alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Mdomo huponza kichwa. Wengine mdomo wao huwaponza kwa kusema uongo. Fanuel aliponzwa kwa kusema kweli tena kwa majivuno, mbele ya mtu aliyetumwa kuuliza swali hilo moja tu. Wiki chache baadaye Azim akaja nyumbani, akakataa chai, akasema uwanja amepewa mfanyabiashara mmoja anayeleta magari yaliyotumika kutoka Dubai. Walikwenda wote wawili manispaa kulalamika. Wakapokewa vizuri, wakakalishwa kwenye viti, wakaelezwa kwa upole kwamba wenyewe ndio waliosema hapatumiki.

Greda lilipokuja, Fanuel alikwenda kuangalia. Ndeshi alimwambia asiende, akaenda. Lile jisu la greda liliingia kona ya kwanza likakwama, dereva akarudi nyuma akajaribu tena, likakwama. Mzee Kalasinga alikuwa amepika ardhi ile sawasawa. Ilibidi waje watu na sururu kuibomoa kwanza, mabonge kwa mabonge, na kila bonge likipasuka harufu ya sukari iliyoungua inatoka, baada ya miaka yote ile. Fanuel alisimama mpaka kona zote mbili zikalala. Nice alikuwa amesimama nyuma yake, akilia kwa sauti, na Fanuel akashangaa kidogo kwamba binti analia kuliko yeye, lakini hakuuliza. Alikuwa anafikiria mwezi wa nane. Atamwambia nini Harbans? Ataanza na neno gani?

Aliyatafuta maneno wiki nyingi. Aliyapanga akikamua ng'ombe, aliyapangua kanisani. Mwezi wa nane ulipoingia akaitwa tena kwa Sarla, simu ya Uingereza. Nice akaenda naye, akabaki barazani.

"Fanueli! Bado una meno?"

Sauti ilikuwa ileile. Fanuel akajibu, "Yapo ya kukung'ata."

Harbans akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kirefu, cha kifuani. Kilipokwisha akasema, "Siji, ndugu yangu. Daktari amekataa. Ni moyo. Anasema nisipande hata ngazi za nyumbani kwangu, sembuse ndege."

"Utakuja mwakani."

"Fanueli."

"Utakuja ukipona."

"Siponi. Usinilazimishe kulisema, hapa mke wangu anasikia." Halafu akauliza, "Niambie, Bakuli lipo?"

Yale maneno yote aliyoyapanga kwa wiki nyingi, Fanuel akayatafuta, hakuyakuta hata moja. "Lipo," akasema. "Linang'aa."

"Kona ya kwanza?"

"Imesimama vilevile."

Harbans akavuta pumzi, ikasikika mpaka kwa Sarla aliyekuwa anakunja vitambaa. "Nani wanapanda siku hizi?"

"Hakuna. Tumekutunzia. Gurudumu la kwanza ni lako, ulisema mwenyewe."

"Nilisema lini?"

"Siku ile. Tunavuta rola."

Harbans akasema taratibu, "Ndugu yangu, siku ile nilikuwa nimechoka na nilikuwa na huzuni, sikumbuki hata nilichokula. Uwanja unatunziwa mtu? Mzee wangu angekuchapa bakora. Aliujenga ili upandwe. Wewe huna watoto?"

"Nina Nice."

"Anapanda?"

"Anapanda kukuzidi wewe."

"Basi mwambie apande leo! Leo hii. Na Jumapili nitapiga tena, anisimulie mwenyewe. Wewe usinisimulie, wewe ulizaliwa kutia chumvi." Akacheka tena, na kikohozi kikamchukua, na simu ikakata.

Fanuel akatoka barazani. Nice akasimama.

"Amesemaje, baba?"

"Haji. Amesema wewe upande."

"Nipande wapi?"

Walitembea kurudi nyumbani, na njiani, kwa mara ya kwanza, Fanuel alikubali moyoni jambo ambalo Ndeshi alikuwa amemwambia akipepeta maharage. Mtoto alikuwepo, ana miguu, na hapakuwa na haja ya kumsubiri mtu. Angewaacha watoto wapande mwezi wa sita, Bakuli lingekuwepo mpaka leo. Alikuwa ameuua uwanja kwa kuupenda vibaya, na sasa hata mtu aliyetunziwa hakulikumbuka lile neno. Ilimuuma mpaka akashindwa kula.

Jumamosi jioni akamwita Nice jikoni kwa mama yake, akamwambia itabidi azungumze na mzee Harbans kesho kama mtu aliyepanda. "Mgonjwa haambiwi kwamba kitu chake kimebomolewa," akasema. "Nitakufundisha cha kusema."

"Uongo, siku ya Bwana, mmetoka kanisani," Ndeshi akasema.

"Mama Nice, nisaidie kidogo."

"Nakusaidia. Nimesema ni uongo, sijasema msiuseme."

Nice akatazama moto. "Usinifundishe, baba," akasema. "Nitajua cha kusema."

Jumapili Sarla akawafungulia duka kwa mlango wa nyuma. Simu ikalia. Fanuel akasalimia, akampa binti yake, akasimama karibu, tayari kumnong'oneza akikwama.

"Shikamoo mzee. Mimi ndiye Nice." Akasikiliza. "Ndiyo, nimepanda. Peku, hakuna viatu." Akasikiliza tena, akatabasamu kidogo. "Mwanzo niliogopa, nikateleza mpaka chini, nikachubuka goti. Nikarudi. Ukienda polepole inakutupa, kwa hiyo nikafumba macho nikakanyaga."

Vizuri, Fanuel akawaza, hayo kila mtu wa Arusha anayajua.

"Kona ya pili? Kona ya pili ni nyingine kabisa, mzee. Ukiwa juu kabisa upepo wa mlimani unakupiga sikio la kushoto, unauma. Halafu ukianza kushuka unakata. Mara moja tu. Husikii kitu, unasikia mnyororo wako peke yake, unadhani umesimama. Unaogopa umesimama, kumbe ndipo unakwenda kasi kuliko pote."

Fanuel alishika ukingo wa meza ya Sarla. Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Hakumwambia Ndeshi, hakumwambia Azim, hata na Harbans hawakuwahi kulitaja, maana lilikuwa kitu cha mtu na nafsi yake. Huwezi kulijua ukiwa umesimama pembeni. Huwezi kusimuliwa.

Upande wa pili Harbans alikuwa anasema kitu, sauti inapanda na kushuka, na Nice anaitikia, "Ndiyo mzee. Ndiyo. Hivyohivyo." Mwishowe akasema, "Asante, mzee. Mungu akupe nafuu," akaweka simu chini na kubaki ameishika.

"Ulipanda," Fanuel akasema.

"Nilipanda, baba."

"Lini?"

"Asubuhi, ulipokuwa ukienda kukata majani ya ng'ombe. Karibu kila siku, tangu ulipomaliza kuvuta gunia." Hakumtazama. "Nikimaliza nalowesha gunia lako, nafuta. Nilikuwa nafuta mpaka alama za vidole vyangu. Sikutaka ujue nimekuvunjia neno lako."

Sarla aliacha kukunja vitambaa. Fanuel akakumbuka asubuhi zile, alivyokuwa akifika Bakuli na kukuta uso laini kuliko alivyouacha jana, akamshukuru Mungu kwa umande.

"Hata siku ile ya Alhamisi," Nice akasema, na hapo akaanza kulia. "Walikuja saa nne, mimi nilipanda saa moja. Nilifuta vizuri kuliko siku zote kwa sababu nilijua kuna wageni. Ningeacha mstari mmoja tu, baba. Mmoja tu, angeuona. Alipiga magoti kabisa!"

Fanuel alitafuta hasira. Alikuwa na haki nayo, mtoto alikuwa amemdharau wiki nyingi, na aliitafuta kwa nia kabisa, kwa sababu hasira ingekuwa nyepesi kuibeba kuliko kilichokuwepo. Hakuipata. Alichokipata ni kwamba wakati yeye anaapa mbele ya watu kuwa hata kuku hajapita, binti yake alikuwa ameshapita juu ya kona ya pili, peke yake, na upepo ukakata, na akasikia mnyororo. Katika Arusha nzima walikuwa wamebaki wawili tu waliowahi kuusikia ukimya ule, na wote wawili walikuwa ndani ya duka la Sarla.

"Ulifuta kwa ajili yangu," akasema. "Usilie. Ulifuta kwa ajili yangu."

Nice akajifuta uso kwa khanga. Sarla akasukuma kiti, Fanuel akakaa, akaweka mikono magotini.

"Nisimulie," akasema.

"Nikusimulie nini, baba? Wewe si unaijua?"

"Niliipita mara ya mwisho kabla hujazaliwa. Nisimulie hiyo kona ya pili. Taratibu, usiruke kitu."

Nice akavuta pumzi, akaanza kumsimulia kuanzia pale unapoacha sehemu iliyonyooka.